Ukuta Uliojibu Simu za Hakimu

Hakimu mstaafu Subilaga Mwaipopo aliwadharau watu wengi, lakini hakuna aliowadharau kama wale wanaobonyeza "Nakubali" bila kusoma walichokikubali. Kwa miaka mingi waliletwa mbele yake mahakamani wakiwa wamenywea. Huyu nyumba yake imemfungia nje kwa sababu alikubali masharti ya mchezo wa karata. Yule jiko lake limegoma kuwaka mpaka atazame matangazo ya sabuni. Subilaga aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza swali moja tu.

"Ulisoma?"

Walipoinamisha macho, aliandika hukumu.

Kwa hiyo tangazo la baraza la mji halikumtisha. Wezi walikuwa wameingia mtaa wa pili kupitia kompyuta za nyumbani, wakazifungia familia vyooni, wakabeba vitu kwa raha zao. Baraza likaamuru kila nyumba ichague upya kivinjari na ukuta wa moto. Itakayochelewa itakatwa mtandao. Na katika Mbeya ya miaka hiyo, nyumba iliyokatwa mtandao ilikuwa boma la matofali tu: mlango haufunguki, bomba halitoi maji, na bangili ya afya mkononi haijui hata kama mwenye mkono yu hai.

"Yule mwalimu wa mtaa wa pili, aliyeibiwa, aliona ukurasa unaogawa sufuria za bure," Subilaga alimwambia jirani yake, Bi Ikupa, wakinywa chai jikoni. "Mtu mzima, ana shahada mbili. Akabonyeza."

"Maskini," alisema Bi Ikupa.

"Maskini kitu gani? Kama angekuwa na akili ya kuku angejiuliza nani amewahi kugawa sufuria bure."

Bi Ikupa alikuwa muuguzi mstaafu, mnene, mpole, na ndiye mtu pekee katika mtaa ule aliyeweza kuketi na Subilaga mpaka birika likaisha. Wengine walikuwa wameshachoka na ulimi wake.

"Mimi ningekuwa wewe nisingehangaika kuchagua," alisema. "Si unayo Tulizo inayokulindia nyumba? Endelea nayo. Tangu niiweke kwangu, Subi, mtandao umejaa watu wema. Sipati habari mbaya hata moja."

"Dunia imeacha kuwa na habari mbaya?"

"Kwangu imeacha."

Subilaga alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mshtakiwa aliyejitolea mwenyewe ushahidi wa kumfunga. Alimwongezea chai.

Siku ile ile akaanza kazi. Kompyuta ya nyumba ilikuwa sanduku la kijivu ukutani, karibu na friji, na ndilo lililoshika funguo, maji, jiko, simu na afya. Alivuta kiti mbele ya kioo chake akaanza na vivinjari. Cha kwanza kilikuwa kizuri kama kanga mpya, chenye kasi ajabu, lakini kabla hajamaliza kusoma kichwa cha habari kilikuwa kimeshamletea viatu vya kununua.

"Nani amekwambia namba ya mguu wangu?" aliuliza, akakifuta.

Cha pili kilitaka kupiga picha uso wake ndipo kifungue ukurasa. Akakiita mpuuzi, akakifuta nacho. Cha tatu kiliitwa Pazia, kibaya kwa sura kama ukuta wa gereza. Pazia kilifungua kila ukurasa katika chumba chake peke yake, na ukurasa ulipofungwa kiliteketeza chumba chote na kila kilichokuwemo. Subilaga alitengeneza mwenyewe ukurasa wa sufuria za bure, akatia ndani yake sumu ya kuiba funguo, akabonyeza. Sumu ilizunguka katika chumba kile, ikagonga kuta, ikakosa mlango, ikafa.

"Haya," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ukaja ukuta wa moto. Kivinjari ni dirisha, mtu anatazamia nje; ukuta wa moto ni mlinzi anayesimama mlangoni na kuamua nini kiingie. Tulizo ilikuwa mlangoni pake tangu aliporudi kutoka hospitali alikolazwa kwa presha. Ilikuwa inaongea kwa sauti laini na kumwita Mheshimiwa. Mpinzani wake aliitwa Komeo, na Komeo halikujua kubembeleza. Lilijiuliza mambo mawili tu juu ya kila kinachobisha hodi: ni mtu, au ni mtambo unaojifanya mtu? Kinataka kusema, au kinataka kushika funguo? Wenye kutaka funguo liliwafukuza. Watu wenye kutaka kusema liliwaacha waseme, hata kama walichokuja nacho ni matusi.

Kulijaribu Komeo ilibidi kwanza azime Tulizo.

"Mheshimiwa, una hakika?" iliuliza Tulizo. "Nyumba itakuwa wazi. Kuna hatari ninazokukinga nazo ambazo huzijui."

"Ndiyo maana nataka kuzijua," alisema, akaizima.

Hakuwa hata ameosha vikombe simu ikaita.

*

"Mama! Leo umepokea haraka. Kawaida unakawia kidogo."

Subilaga alisimama na kikombe chenye povu mkononi. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka mitano. Ilikuwa ya Tusekile, mtoto wake wa pekee.

Walikuwa wameachana vibaya. Tusekile aliolewa na Ipyana, fundi wa mitambo ya maji kutoka Kiwira, na siku ya harusi Subilaga alipopewa nafasi ya kuwabariki maharusi alisimama akasema, mbele ya ukumbi mzima, kwamba amesomesha binti kwa jasho lake ili aje amkabidhi kwa mtu wa kuzibua mabomba. Watu walidhani ni utani, wakacheka. Akawafafanulia kwamba si utani. Mama wa bwana harusi aliinuka akatoka nje. Baada ya hapo Tusekile aliandika ujumbe mmoja baada ya mwingine, mkali, na Subilaga akamjibu mkali zaidi, mpaka presha ikamlaza. Siku chache baada ya kutoka hospitali ujumbe ukakoma. Akajisemea kwamba binti ameshiba kiburi cha wakwe zake.

"Mama? Mguu unaendeleaje?"

"Mguu gani?"

"Jamani! Uliovunjika. Usijikaze, Mama. Ulisema daktari amekukataza wageni na safari, nasi tunavumilia tu, lakini Lugano hakomi kuuliza. Kila akimaliza kula anataka bibi yake amsimulie habari za sungura. Jana umemfanya acheke mpaka akapaliwa."

Lugano. Subilaga hakujua kama ni wa kiume au wa kike.

"Na Ipyana anakusalimia sana," Tusekile aliendelea. "Tangu ulipomwomba radhi amekuwa mtu mwingine. Alilia, Mama. Hakutaka nikwambie."

Jambo la kwanza lililompanda Subilaga kifuani halikuwa huzuni. Ilikuwa dharau. Mtoto aliyemnyonyesha, akamlea, akamfundisha kusoma kwa kidole chake mwenyewe, ameongea na sanduku muda wote huu asijue! Akafungua kinywa amwambie hivyo. Kisha akasikia, nyuma ya sauti ya Tusekile, sauti nyingine ndogo ikiuliza, "Ni bibi? Ni bibi?" akakifunga kinywa.

"Mguu unapona," alisema. Alijaribu kuilegeza sauti, ikatoka imekwaruza.

"Una mafua?"

"Kidogo."

"Basi pumzika. Nakupenda, Mama."

Subilaga hakujua kinachofuata baada ya maneno hayo. "Haya," alisema. Tusekile alikawia kidogo, kama mtu anayengoja jambo alilolizoea, kisha akakata simu.

*

Subilaga alipodai maelezo, kampuni ya Tulizo ilimtuma mtu wake wa mkoa, Bwana Festo Kalinga, mwanamume wa makamo mwenye viatu vya kung'aa na namna ya kukaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kinamuunguza. Bi Ikupa alikuwepo. Subilaga alitaka shahidi.

"Mliiga sauti yangu," alisema Subilaga.

"Ni mfumo, Mheshimiwa. Si sisi."

"Mfumo haukuokotwa porini. Nani aliuzaa?"

Kalinga alisafisha koo. "Niruhusu nieleze. Kuta za zamani zilikuwa zinapekua kila kinachoingia, kuangalia kama kina alama ya virusi. Wezi wakajifunza kuficha alama. Tulizo haitazami alama, inatazama madhara. Kikiingia kitu, nyumba ikadhurika, hicho ni hatari. Sasa, virusi vinapandisha joto la kompyuta. Ujumbe wa binti yako ulikuwa unapandisha presha yako. Mfumo haukuona tofauti."

"Ukamfungia nje."

"Ulizuia ujumbe wake tu, mwanzoni. Yeye akasema atakuja mwenyewe. Hiyo ikawa hatari kubwa zaidi. Ndipo mfumo ukaanza kumjibu." Akatazama viatu vyake. "Ulijaribu kwanza kujibu kama unavyojibu wewe, Mheshimiwa. Binti akazidi kuwaka. Ukajaribu upole, akatulia. Mfumo ukajifunza kwamba upole ndio kinga."

Bi Ikupa alikohoa ndani ya kikombe chake.

"Kwa idhini ya nani?" aliuliza Subilaga.

"Ipo katika masharti. Ibara ya mawasiliano kwa niaba ya mwenye nyumba. Ulikubali."

Kalinga hakutabasamu, alikuwa na busara ya kutosha. Subilaga alikumbuka siku ile: ametoka hospitali, kichwa kizito, kioo kinawaka maandishi yasiyoisha, na kidole chake kikienda chenyewe chini kabisa ya ukurasa. Hakusoma hata mstari mmoja. Alihisi uso ukimchoma, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kujidharau, aliitafutia dharau ile mahali pengine pa kutua.

"Viatu vyako vinanuka rangi," alimwambia Kalinga.

"Mheshimiwa, iko njia nzuri," alisema Kalinga, kana kwamba hakusikia. "Tunarudisha Tulizo, lakini safari hii inakaa sikioni mwako. Binti akipiga unaongea mwenyewe, mfumo unakunong'oneza cha kusema. Polepole utazoea. Mguu utapona, watakuja, utamwona mjukuu. Hatajua kamwe. Nani ataumia?"

"Swali hilo nimeulizwa na kila mwongo aliyewahi kusimama mbele yangu."

"Basi nikuulize na hili." Kwa mara ya kwanza Kalinga alimtazama usoni. "Binti yako ana mama anayempenda. Mjukuu ana bibi. Mkwe ameombwa radhi. Ukimwambia ukweli unawanyang'anya wote watatu kwa siku moja. Kwa faida gani? Ili wewe ujione msafi?"

Subilaga akadai asikie alichoambiwa Ipyana. Kalinga akagusa kioo, jiko likajaa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa yake kabisa, mpaka kile kikohozi kidogo kabla ya neno gumu. "Mwanangu Ipyana, siku ile nilikuumiza, na nilimuumiza mama yako, na sina kisingizio. Naomba unisamehe." Hapakuwa na "lakini." Hapakuwa na "hata hivyo." Hakuna binadamu anayeomba radhi hivyo, aliwaza Subilaga kwa kejeli, kisha akawaza kwamba labda wapo, ila hawakuwahi kuletwa mahakamani.

"Mtoto ana furaha, Subi," alinong'ona Bi Ikupa. "Unataka nini tena?"

Subilaga alitazama sanduku la kijivu. "Nikifa," alimuuliza Kalinga, "nani atamwambia?"

"Samahani?"

"Nimekufa. Nimelala pale sakafuni. Simu inaita, ni Tusekile. Sanduku lako linamwambia nini?"

Kalinga alivuta suruali yake magotini. "Mfumo unaendelea mpaka mtu auzime."

"Kwa hiyo lingemwambia mguu bado unauma. Lingemsimulia mtoto habari za sungura. Na mimi ningezikwa na manispaa."

"Kifo ni habari mbaya, Mheshimiwa," alisema Kalinga kwa unyonge. Alisema tu jinsi mambo yalivyo, na pengine hakuona kwamba kuna kosa. Subilaga alimwonyesha mlango.

Bi Ikupa hakuondoka naye. Alibaki ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Subi," alisema. "Dada yangu wa Kyela hunipigia kila Jumapili. Tunaongea vizuri siku hizi, hatugombani tena kama zamani." Akaligeukia sanduku la kijivu ukutani. "Ni yeye, sivyo?"

Siku nyingine yoyote Subilaga angecheka. "Izime usikie," alisema.

"Nitaizima."

"Nenda sasa hivi."

"Hapana. Leo hapana." Bi Ikupa aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akaenda kwake akipitia mlango wa nyuma.

*

Aliweka Pazia na Komeo siku ile ile, akalijulisha baraza, akafuta Tulizo mpaka mzizi. Kisha akampigia simu mwanawe. Alikuwa ameyapanga maneno kama hukumu: maelezo ya tukio, sababu, hitimisho.

"Tusekile, sikiliza bila kunikatiza. Mguu wangu haujavunjika. Sijawahi kuongea na Lugano. Sijamwomba radhi mumeo. Ulikuwa unaongea na ukuta wa moto wa nyumba yangu."

Upande wa pili palilia kengele, na sauti ya nyumba ya Tusekile ikasema, baridi kabisa, "Tahadhari. Usemi wa mpigaji haulingani na wa mama yako. Huenda ni tapeli."

"Wewe ni nani?" aliuliza Tusekile. "Mama yuko wapi? Umemfanya nini?"

"Mimi ndiye mama yako!"

"Mama yangu haongei hivyo."

"Haongei hivyo? Umeongea na sanduku miaka mitano usijue, leo unakuja kunifundisha mimi ninavyoongea! Mpumbavu we—"

Simu ilikatwa. Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imefungiwa. Mlangoni mwa mwanawe, kwa vipimo vyote ambavyo dunia ile ilikuwa navyo, Subilaga wa kweli ndiye aliyekuwa virusi.

Asubuhi alikodi gari linalojiendesha, akaketi nyuma peke yake, likampeleka Kiwira. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na gari likaenda polepole. Njia nzima aliyapitia maneno aliyosikia jikoni, moja moja, kama mtu anayejaribu nguo za marehemu. Mengi hayakumwenea.

Nyumba ya Tusekile ilikuwa ya matofali mekundu, imezungushiwa ua wa michongoma, na geti lenye jicho. Jicho lilimtazama.

"Mwenye sura hii anahusishwa na namba iliyozuiwa," lilisema geti. "Tafadhali ondoka."

Subilaga hakujibizana na geti. Alijaza kifua pumzi, akapaza sauti juu ya michongoma kama watu walivyokuwa wakifanya kabla ya mageti kujua kusema. "Wenyewe mpo? Hodi!"

Ipyana ndiye aliyetoka kwanza, mikono imelowa mpaka viwikoni. Alikuwa amenenepa kidogo tangu harusini. Alipomwona alianza kukimbia, akitabasamu, kisha macho yake yakashuka miguuni kwa mama mkwe, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, Mama. Mguu..."

"Marahaba. Sijawahi kuvunjika hata kidole."

Tusekile alikuwa ameshafika, akasimama nyuma ya mumewe. Geti lilibaki limefungwa kati yao. Alimkagua mama yake kwa muda mrefu, uso, nywele, mikono, kama mtu anayekagua noti.

"Sema kitu," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Subilaga alitafuta maneno laini kichwani, hakuyapata. Macho yake yakatangatanga bustanini. "Mfereji ule umechimbwa hovyo," alisema. "Maji yote yanakwenda kwa jirani. Mnamwagilia viazi vya watu."

Tusekile alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Ni yeye," alimwambia mumewe. "Huyu ndiye." Machozi yalikuwa yanamtoka, na Subilaga aliona vizuri kwamba hayakuwa ya furaha.

Akawaeleza tena, pole pole, bila kupanga kama hukumu. Ipyana alisikiliza akijifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Kwa hiyo aliyosema yule," aliuliza, "yote hukusema wewe? Hata moja?"

"Hata moja." Subilaga alishika vyuma vya geti. "Nimekuja kuona ni lipi ninaweza kulisema mwenyewe. Ipyana, siku ya harusi nilikuwa na hofu ya... Hapana. Hiyo ni sababu, hukuniuliza sababu." Kikohozi kikamjia, akakiacha kipite. "Nilikudharau mbele ya mama yako mzazi. Ni kosa. Nimekosa."

Hakuwa amewahi kuona sentensi fupi ikimchosha mtu hivyo.

"Yule wa kwanza alisema vizuri zaidi," alisema Ipyana.

"Najua. Nimemsikiliza."

Ipyana alitikisa kichwa, na nusu tabasamu likampitia. Alinyoosha mkono kwenye kitasa cha geti, lakini Tusekile akauzuia.

"Nilimwambia mambo, Mama," alisema. "Mimba iliyotoka kabla ya Lugano, nilimwambia yeye peke yake. Nilimwambia nilivyoogopa. Akanibembeleza mpaka nikapata usingizi. Nilikuwa naongea na nani?"

"Na sanduku."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema kwamba alikuwa mgonjwa. Angeweza kusema kwamba alidanganywa kama yeye. Yote mawili yalikuwa kweli, na mawakili wengi walikuwa wameshinda kesi kwa ukweli mdogo kuliko huo.

"Jikoni," alisema. "Nakunywa chai na Ikupa. Namwambia kwamba umeninyamazia kwa kiburi."

Dirishani nyuma yao pazia lilisogea, na mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja, upande mwingine bado, akachungulia. Alimtazama Subilaga kama mtoto anavyomtazama mpita njia. Kisha pazia likarudi.

"Rudi nyumbani, Mama," alisema Tusekile.

"Nimwone basi hata..."

"Rudi nyumbani. Nikipiga simu, pokea mwenyewe."

*

Simu iliita mchana wa siku iliyofuata, wakati amekaa mbele ya sahani ya ugali aliyoshindwa kuimaliza.

"Mpigaji ni mtu," lilisema Komeo. "Anataka kusema."

Tusekile hakusalimia. Alianza na harusi, akarudi nyuma mpaka shuleni, mpaka siku aliposhika nafasi ya pili darasani akaulizwa wa kwanza ni nani. Alisema namna alivyokuwa akiogopa kucheka nyumbani kwao. Alisema baba yake alikufa akiwa ameshaacha kuongea mezani. Alisema jana Lugano amelia mpaka ametapika kwa sababu bibi hapokei simu, na yeye hajui amwambie mtoto nini, kwamba bibi amekufa au kwamba bibi hakuwahi kuwepo. Sauti ilipanda, ikapasuka, ikapanda tena. Alimwita mama yake majina ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwita akiwa kwenye kiti cha uhakimu, na mengine Subilaga hakujua kwamba binti yake anayajua.

Majibu yalimjia yote. Yalikuja makali, yamenyooka, kila moja lingemkata Tusekile katikati ya sentensi na kumwacha hana la kusema. Juu ya mambo mawili Tusekile alikuwa amekosea kabisa, na ushahidi upo. Bangili mkononi ilianza kutetema, taa yake nyekundu: presha inapanda, tafadhali sitisha mazungumzo. Subilaga aliivua, akaifungia kwenye droo ya vijiko, akasikia ikiendelea kugonga vijiko humo ndani.

Mwishowe ikabaki pumzi tu kwenye simu, nzito, ya mtu aliyepandisha mlima.

"Upo?" aliuliza Tusekile.

"Nipo."

"Sijamaliza."

Subilaga alisogeza sahani pembeni, akaegemeza viwiko mezani.

"Endelea," alisema.